Kilichokiua Kipuri cha Zamani

Mtu akiniletea kipande kilichovunjika cha gari la zamani na kuniomba nimtengenezee kingine, swali lake la kwanza karibu kila mara ni hili: hiki kilitengenezwa kwa kitu gani? Ni swali la haki, na jibu lake si gumu kulipata. Ila mimi nataka kwanza kujua kilikufaje. Kitasa cha mlango kilichopasuka chenyewe kikiwa kimewekwa tu kabatini hakikufa kifo kimoja na kitasa kilichokatwa na mkono wa mtu mwenye haraka. Gia ya plastiki iliyolika meno taratibu ina habari tofauti kabisa na ile iliyopasuka kwenye kitovu huku meno yake yote yakiwa mazima. Nyenzo ya kipuri kipya naichagua kutokana na kifo hicho, na ndiyo maana huwasihi watu wasitupe mabaki, hata yale yaliyosagika mpaka yakapoteza umbo.

Wapo wapenzi wa magari haya wanaoshikilia kwamba kipuri lazima kiwe cha nyenzo ileile iliyotoka kiwandani. Kwa gari linalopelekwa kwenye maonyesho ambako majaji wanapima uhalisi wa kila skrubu, nawaelewa. Kwa gari linaloendeshwa barabarani, naona ni kumsingizia mhandisi wa zamani msimamo ambao hakuwa nao. Yeye alichagua kutoka kwenye rafu fupi. Mpira wa Viton ulianza kuuzwa mwaka 1957, na asetali, ile plastiki nyeupe yenye utelezi ambayo wengi wanaijua kwa jina la Delrin, iliingia sokoni mwaka 1960. Gari lililobuniwa mwaka 1952 halina vitu hivyo kwa kuwa havikuwepo. Hakuna aliyevipima akavikataa.

Hata hivyo rafu ile fupi ilikuwa na vitu ambavyo leo tunavidharau bila sababu. Bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani, ni mfano wangu wa kila siku. Mkemia Leo Baekeland aliiombea hataza mwaka 1907, na kwa miongo kadhaa baada ya hapo ndiyo iliyotengenezewa vifuniko vya distribyuta, vifundo vya dashibodi na vishikio vya gia. Ni ngumu, haipitishi umeme, na ikishakauka kwenye kalibu haiyeyuki tena hata uipashe moto kiasi gani, itaungua tu. Udhaifu wake ni mmoja: ukiidondosha sakafuni inapasuka. Sasa mtu anakuja na kifundo cha bakelaiti kilichopasuka kwa kuangushwa, kifundo kilichokaa juani miaka sitini bila kupinda, halafu anataka kukibadilisha kwa plastiki ya printa ya 3D inayolainika muda mrefu kabla ya joto la maji yanayochemka. Kipande chake kilikufa kwa kuanguka. Joto halikuwahi kukidhuru, na yeye yuko tayari kukipa kipya ugonjwa ambao cha zamani hakikuwa nao.

Kabla sijafika mbali, neno kuhusu kutambua nyenzo. Wengi hukimbilia kiberiti: wanachoma kipande kidogo, wanaangalia mwali, wananusa moshi. Nailoni hunuka kama nywele zilizoungua, asetali huwaka kwa mwali wa bluu usioonekana vizuri na harufu yake inachoma pua. Inafanya kazi, lakini siipendi. Moshi wa PVC una asidi, na mpira wa aina ya Viton ukiungua hutoa asidi ya floridi, ambayo si kitu cha kuchezea hata kwa sekunde moja. Kwa sehemu kubwa ya vipuri vidogo mizani na bakuli la maji vinatosha. Pima uzito wa kipande hewani, kisha kipime kikiwa kimening'inizwa kwa uzi ndani ya maji. Gawa uzito wa hewani kwa tofauti ya hizo mbili, umepata msongamano wake. Alumini itakupa 2.7 hivi, magnesi 1.8, aloi ya zinki karibu 6.6, shaba ya manjano karibu 8.5. Kwa plastiki, polietilini na polipropilini zinaelea kabisa, ABS, plastiki ngumu ya kawaida, inazama kwa shida ikiwa na 1.05 hivi, nailoni 1.14, asetali 1.41. Bakelaiti nayo huangukia karibu na asetali, kwa hiyo hapo pasha sindano ipate joto uiguse mahali pasipoonekana: asetali itayeyuka, bakelaiti itabaki vilevile.

Turudi kwenye joto, maana ndilo linaloua kazi nyingi za watu wa printa. Dashibodi nyeusi chini ya kioo cha mbele, gari likiwa limeegeshwa juani, inaweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi. PLA, plastiki ambayo kila printa ya nyumbani huanza nayo, hulainika kati ya 55 na 60. PETG, nayo ya printa, inafika karibu 80, ambayo ni kusogea ukingoni tu. ABS huvumilia hadi 100 na kidogo, lakini jua huipausha na kuifanya ikatike. ASA, plastiki iliyo jamaa yake, ilibuniwa kwa ajili ya tatizo hilo hasa: joto lake linakaribiana na la ABS, ila inavumilia miale ya jua vizuri zaidi. Kwa vifundo, vifuniko vya skrubu, vishikizo vya nyaya na vipande vya mapambo ndani ya gari, ASA ndiyo ninayoanza nayo, na PLA naiacha kwa kazi ya kupimia tu: nachapisha, najaribisha kama kinaingia, narekebisha mchoro, natupa.

Chini ya boneti mambo ni mengine. Thamostati nyingi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 88, kwa hiyo chochote kinachogusa maji ya rejeta kinaishi hapo kwa saa nyingi, na kilicho karibu na bomba la moshi kinaishi pabaya zaidi. Hapa ndipo watu hufungua karatasi ya takwimu ya mtengenezaji na kudanganyika bila mtu yeyote kuwadanganya. Joto la kupinda hupimwa kwa mizigo miwili tofauti, 0.45 na 1.8 MPa (megapaskali, kipimo cha mkazo). Nailoni 66 isiyo na nyuzi za kioo inaweza kuonyesha zaidi ya nyuzi 180 kwenye mzigo mdogo, na isifike 100 kwenye mzigo mkubwa. Ni nailoni ileile. Muuzaji ataandika ile namba kubwa kwa herufi nene. Kipuri chako kikiwa kifuniko kisichobeba kitu, namba kubwa inakuhusu. Kikiwa mkono unaovuta waya wa kabureta, soma ile ndogo, na ukiweza tafuta nailoni yenye nyuzi za kioo ndani yake.

Nailoni ina tabia nyingine ambayo wanaokereza kwa mara ya kwanza hawaitegemei: inakunywa maji. Ikiachwa kwenye hewa ya kawaida, nailoni 6 hubeba maji yanayokaribia asilimia 3 ya uzito wake, na ukiilaza ndani ya maji mpaka ishibe hufika karibu 9. Ikinywa, inavimba. Bushi uliyoikereza ikiwa kavu, ikaingia kwenye shimo lake kwa ulaini, inaweza kubana mhimili baada ya muda hata kama hakuna aliyeigusa. Nailoni 12, ambayo ndiyo hutumika sana kwenye uchapishaji wa unga na leza, hunywa kidogo mno, karibu asilimia moja na nusu hata ikishiba. Asetali karibu hainywi. Kwa gia ndogo za spidomita, bushi za vijiti vya gia na vitelezi vya madirisha, asetali ndiyo chaguo langu la kwanza: inateleza bila grisi, inakerezeka kwa raha, ukubwa wake hautikisiki na unyevu. Madhaifu yake ni jua, gundi (hakuna gundi ya kawaida inayoishika, usijisumbue) na kutanuka. Kipande cha milimita 100 kikipanda nyuzi 60 hurefuka zaidi ya nusu milimita, wakati chuma cha urefu huohuo hakifikishi hata moja ya kumi. Kwa gia yenye kipenyo cha sentimita mbili hilo halina maana. Kwa reli ndefu ya dirisha lina maana kubwa.

Sasa ile gia iliyopasuka kwenye kitovu huku meno yakiwa mazima. Mara nyingi hiyo haikuuawa na kazi. Ilisukumwa kwa nguvu kwenye mhimili wa chuma kiwandani, ikakaa imetanuliwa miaka yote hiyo, plastiki ikazeeka na kupoteza unyumbufu, siku moja ikaachia. Ukiitengeneza upya kwa nyenzo bora kuliko zote lakini ukaacha shimo lilelile la kubana, umeahirisha tu. Hapo mimi hupanua shimo kidogo na kutafuta njia nyingine ya kuishika gia isizunguke: bapa kwenye mhimili, kijipini, au tone la gundi kwenye mikwaruzo ikiwa nyenzo inakubali gundi. Ufa huo ulitibiwa na kipimo cha shimo.

Na kuna vifo vilivyopangwa. Gia ya plastiki kwenye mota ya dirisha au ya waipa mara nyingi ndiyo fyuzi ya mtambo mzima. Kioo kikinasa, ni afadhali ikatike gia kuliko iungue mota au upinde mkono wa chuma. Wapo wanaoona fahari kuweka gia ya shaba mahali pale na kutangaza kwamba haitavunjika tena. Kweli haitavunjika. Kitavunjika kilicho jirani yake, na hicho hakina kipuri. Kwa hiyo kabla ya kupandisha nguvu ya kipande chochote, angalia mnyororo mzima wa nguvu kutoka mkononi au kwenye mota hadi mwisho wake, uone kiungo gani kitakuwa dhaifu zaidi baada ya kazi yako, na kama ungependa kiwe hicho.

Mfano wa kinyume chake upo ndani ya injini kadhaa za V8 za Marekani za miaka ya 1960 na 1970. Gia ya kishafti cha valvu ilikuwa ya alumini yenye meno yaliyovikwa nailoni ili mnyororo usipige kelele. Joto na mafuta ya injini viliikausha nailoni ile, ikaanza kumeguka, vipande vikaanguka kwenye sampu, bakuli la mafuta chini ya injini, na kuziba chujio la pampu ya mafuta. Hapo udhaifu haukumlinda mtu. Ulipeleka uchafu mahali pabaya kuliko pote. Ukikutana na gia ya aina hiyo, weka ya chuma bila kusita na uvumilie mlio. Volvo za B18 na B20 nazo zilikuwa na gia ya nyuzi na resini kwa ajili ya ukimya. Ya chuma au alumini inadumu zaidi na inalia zaidi. Mmoja atakuambia mlio ule ni sehemu ya raha. Mimi siko upande huo, lakini simbishii.

Mpira ndiyo sehemu ambayo naona makosa mengi kuliko zote, labda kwa sababu mipira yote ni myeusi na yote inafanana. Oringi mbili, zile pete za mpira za kuziba, zilizolala pamoja kwenye kiganja, za kipenyo kimoja na ugumu mmoja, moja itaishi miaka ishirini kwenye petroli na nyingine itavimba mpaka itoke kwenye mfereji wake kabla ya wiki kuisha. Hakuna jicho litakalozitofautisha.

Kwa hiyo swali la kwanza kwenye mpira ni majimaji: unagusa nini? Nitraili inavumilia mafuta ya injini na petroli ya kawaida, lakini ozoni ya hewani inaipasua, kwa hiyo si ya kuwekwa nje penye jua. EPDM ni kinyume chake: mvua, jua, ozoni, maji ya rejeta na mafuta ya breki ya glaikoli kama DOT 3 na DOT 4 havimtishi, ila ukimgusisha mafuta ya madini ananenepa na kulainika. Neoprini, ambayo DuPont waliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1930, imekaa katikati, si bingwa wa chochote, na kwa vifuniko vya vumbi vya viungo vya usukani ukati huo ndio unaohitajika. Silikoni inapenda joto, zaidi ya nyuzi 200, lakini huchanika kirahisi na petroli huivimbisha. Usiiweke kwenye kabureta hata kama aliyekuuzia ameapa.

Hadithi inayoonyesha uzito wa jambo hili vizuri kuliko zote ni ya Citroën DS, gari la Kifaransa. Gari lile linategemea mfumo mmoja wa majimaji ya shinikizo kwa springi, breki, usukani na hata gia. DS za mwanzo zilianza na majimaji ya mafuta ya mimea, kisha zikapewa mekundu ya sintetiki, LHS. Kuanzia modeli za mwaka 1967 kiwanda kilihamia kwenye mafuta ya madini ya kijani, LHM, na vipuri vya mfumo mpya vikapakwa rangi ya kijani ili fundi asichanganye. Marekani ilibidi isubiri hadi 1969 sheria iruhusu. Sili za mfumo mmoja haziwezi kukaa kwenye majimaji ya mwingine. Ukikosea chupa wakati wa kujaza, kinachofuata ni kubomoa mfumo mzima na kubadilisha kila mpira uliomo. Kwa hiyo mtu akiniomba oringi za DS, siulizi ukubwa kwanza. Namuuliza rangi.

Petroli nayo imebadilika chini ya miguu yetu. Petroli yenye ethanoli, ile inayofika asilimia 10 katika E10, inafanya mambo ambayo mpira wa miaka ya 1950 haukuandaliwa kuyakabili: inavimbisha mabomba ya zamani, inalegeza gundi na vanishi ya maboya ya koki, na inavuta unyevu ambao ukijikusanya chini ya kabureta hula zinki na alumini. Hapa hoja ya uhalisi inakufa kabisa. Bomba la petroli, kiwambo cha pampu na sili za kabureta natengeneza au nanunua za Viton au nitraili iliyothibitishwa kwa ethanoli, na sijutii senti. Lakini Viton naye ana mahali asipofaa. Mafuta ya breki ya glaikoli humharibu, na baridi kali humkakamaza.

Nikiwa na shaka juu ya mpira niliopewa, nafanya kipimo cha chupa. Nakata kipande, napima unene kwa kalipa na uzito kwa mizani, nakitumbukiza kwenye majimaji yenyewe kitakayoishi nayo, nafunga chupa vizuri na kuiweka mbali na moto kwa wiki. Kisha napima tena, nakiminya kwa ukucha, nakikunja. Kuvimba kidogo si kosa, na sili nyingine zinategemea hilo. Kikinenepa kiasi cha kuonekana kwa jicho au kikiacha rangi nyeusi kwenye kitambaa, kinarudi kwa aliyekileta.

Upande wa bushi za springi na vishikizo vya injini, kuna mtindo wa kuondoa mpira na kuweka poliurethani kila mahali. Naelewa mvuto wake. Inapatikana kwa kumimina kwenye kalibu bila mashine kubwa, inachagulika kwa ugumu, na mafuta hayaisumbui sana. Lakini bushi ya mpira iliyogandishwa kwenye chuma ndani na nje haizunguki. Inajipinda yenyewe, na mwendo wote humezwa ndani ya mpira. Ya poliurethani kwa kawaida inateleza juu ya bomba lake, kwa hiyo inahitaji grisi, na grisi ikiisha inalia kila unapopita tuta. Mtikisiko ambao mpira uliumeza, sasa unaupata kwenye kiti. Mhandisi Alex Moulton aliufanya mpira kuwa springi yenyewe ya gari la Mini mwaka 1959, na hakuwa amekosa njia nyingine. Kwa kishikizo cha injini ya gari tulivu la familia, mpira wa asili, wenye ugumu wa Shore A kati ya 50 na 60 hivi, bado ni mgumu kuushinda. Poliurethani naiweka kwenye viungo vidogo vya kijiti cha gia na vituo vya milango, ambako hakuna mtikisiko wa kuzungumzia.

Ukiimimina mwenyewe, jua kwamba unyevu ndio adui. Kemikali yake ikikutana na maji hutoa kaboni dioksidi, na bushi yako inatoka na vipovu ndani. Kausha kalibu, kausha vijiti vya kukorogea, funga makopo haraka. Na vaa kinga ya kupumua inayofaa, kwa sababu aisosaineti, kemikali iliyomo ndani yake, ikishaufanya mwili wako uichukie, itakuwa hivyo maisha yako yote.

Nembo, vitasa na fremu za taa ni ulimwengu mwingine. Nyingi zilisubuliwa kwa aloi ya zinki, kisha zikapakwa shaba nyekundu, nikeli na kromi. Aloi za mwanzo zilikuwa na balaa lake: risasi na bati kidogo tu ndani ya zinki vinatosha kuifanya ianze kuoza kutoka ndani, kwenye mipaka ya chembe zake, ivimbe, ijipinde na kupasuka bila kuguswa. Huo ndio ugonjwa wa kile kitasa cha kabatini. Kampuni ya New Jersey Zinc ilipata dawa mwaka 1929 ilipoleta aloi za Zamak zinazotumia zinki safi ya asilimia 99.99. Kipande cha aloi mbovu hakitengenezeki. Unaweza kukijaza, kukipaka, kukiomba, kitaendelea kuoza. Na tafadhali usikichukulie vipimo kama kielelezo bila kufikiri, maana kimeshavimba. Mashimo yake yapime kutoka kwenye bodi ya gari.

Kuirudia kwa zinki kunahitaji kalibu ya chuma na mashine ya shinikizo, gharama isiyo na maana kwa vipande vitatu. Mimi naenda kwenye shaba ya manjano kwa njia ya nta: natengeneza kielelezo, nakifanyia kalibu ya mpira wa silikoni, namimina nta, na msubuaji anafanya yaliyobaki. Shaba inapokea nikeli na kromi vizuri, wakati alumini inadai hatua za ziada kabla kromi haijashika. Itakuwa nzito kuliko zinki, na kwa nembo hakuna atakayejua. Kitu cha kuangalia ni kunywea. Shaba ikiganda hupungua karibu asilimia moja na nusu, kwa hiyo nembo ya milimita 200 inarudi ikiwa na 197, na vijipini vyake viwili vya mwisho havitaingia kwenye mashimo ya boneti. Kielelezo lazima kiwe kikubwa kwa kiasi hicho, na hapo ndipo mchoro wa kompyuta unapomshinda mtu anayefinyangia kalibu juu ya nembo ya zamani moja kwa moja.

Silikoni ya kalibu nayo si moja. Ya bati ni nafuu na haibagui, lakini hunywea yenyewe kadiri siku zinavyopita. Ya platini karibu hainywei, ila ni ya kudeka: udongo wa kufinyangia wenye salfa, glavu za mpira wa asili, au kielelezo cha resini ya printa kisichokauka sawasawa vinatosha kuiacha ute ute milele. Jaribu kwanza kwenye kona.

Lenzi za taa za nyuma nitazipita haraka. Akriliki inavumilia jua na inang'arika. Polikaboneti haivunjiki kirahisi lakini bila ulinzi jua huifanya njano, na tone la petroli linaweza kuipasua nyufa ndogondogo. Resini za kumimina zinazojiita angavu nyingi hugeuka njano. Naenda na akriliki, na nazingatia michirizi ya ndani ya lenzi, kwa sababu ndiyo inayosambaza mwanga na ndiyo inayofanya taa ionekane kwa aliye nyuma.

Metali za kawaida hazina maneno mengi, isipokuwa mawili. Watu hubadilisha bolti zote kuwa za chuma kisichopata kutu kwa sababu zinang'aa. Bolti ya chuma hicho ya daraja la A2-70 huanza kurefuka bila kurudi kwenye 450 MPa, ya chuma cha kawaida ya daraja la 8.8 kwenye 640. Kwa bati la namba, weka. Kwa kinachobeba mzigo, hapana. Na juu ya alumini, kama bodi za Land Rover za mwanzo, chuma hicho penye maji ya chumvi hukaa kizima huku kikiila alumini iliyokizunguka. Weka washa ya plastiki na grisi katikati. La pili ni bushi za bronzi zenye vinyweleo, zile za dinamo na stata. Karibu moja ya tano ya ujazo wake ni nafasi iliyojaa mafuta. Ukiikwangua tundu lake kwa kisu butu au msasa umeziba vinyweleo, na bushi hiyo itakauka na kuutafuna mhimili. Bronzi ya kawaida, hata nzuri kuliko hiyo, haichukui nafasi yake mahali pasipo na njia ya kutia mafuta.

Vipo ambavyo sivitengenezi. Chochote ndani ya silinda ya breki, viungo vya usukani, mikono ya springi: hapo kuna watu wenye maabara na bima, niwaachie. Gasketi na bitana za breki za zamani sizikwangui wala sizipulizi kwa hewa, kwa kuwa nyingi zina asbesto; nazilowesha, nazitoa nzima kadiri inavyowezekana, nazifunga.

Kwenye vile ninavyovitengeneza, naandika nyenzo na mwaka mgongoni, upande usioonekana: POM (yaani asetali), ASA, FKM 75 (mpira wa aina ya Viton wenye ugumu wa Shore A 75), chochote kile. Kwenye kalibu ni herufi chache za ziada, kwenye printa hazina gharama. Siku kipande changu nacho kitakapovunjika, anayekishika hatahitaji mizani, bakuli la maji wala sindano ya moto. Ataanza moja kwa moja na kuangalia kimevunjikia wapi.